Kitambaa cha bluu peke yake hakiui mbung'o

SWALI: Mtaalamu, sisi ni kikundi cha wafugaji katika kijiji kinachopakana na Hifadhi ya Taifa ya Saadani, upande wa Pangani. Ng'ombe wetu wanakonda na kutupa mimba, na daktari wa mifugo amepima damu akasema ni nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Dawa ya kuogesha tunainunua kwa kuchangishana, haitoshi. Tumeona watu wakitundika vitambaa vya bluu na vyeusi porini. Je, tukinunua vitambaa na kuvitundika wenyewe bila dawa vitasaidia? Wazee wanasema tufyeke pori lote kama enzi za Mwingereza. Na je, mtego huohuo unaweza kutuondolea nzi waliojaa bandani na chooni? Watoto wetu macho yanawasumbua.

JIBU: Ndugu mwenyekiti, nianze na majibu mafupi, maana najua unayasubiri huku mifugo ikiwa taabani. Kitambaa kilichotundikwa hivihivi, bila dawa na bila chandarua cha kunasia, hakiui hata mbung'o mmoja. Anakuja, anatua, anaondoka. Kitambaa hichohicho kikishonwa kuwa mtego kinaua, tena bila tone la dawa. Pori lote msifyeke. Na nzi wa bandani na chooni hamtawamaliza kwa mtego wa aina yoyote, wao wana dawa yao nyingine, nayo ni koleo na bomba.

Majibu yanatofautiana kwa sababu wadudu hawa hawazaani sawa. Nzi wa nyumbani hutaga mayai zaidi ya 100 kwa mkupuo mmoja, na kwa joto la pwani yai huwa nzi kamili ndani ya siku 7 hadi 10. Ukinasa elfu leo, samadi ya wiki iliyopita imeshakulelea elfu wengine. Mbung'o hatagi mayai kabisa. Jike hulea funza mmoja tu tumboni, akimlisha kwa tezi za maziwa zilizo ndani ya mwili wake, na kila baada ya siku 9 au 10 hivi humzaa akiwa ameshakomaa na kumwacha kwenye udongo laini kivulini. Funza hujichimbia ardhini papo hapo, hugeuka pupa, na hukaa humo takriban mwezi mmoja. Jike aliyebahatika kuishi miezi miwili ameacha watoto wa kuhesabika kwa vidole, na wengi hawafikishi umri huo.

Ndiyo maana kila jike unayemuua ni pigo. Hesabu ya wataalamu inasema ukiongeza vifo vya majike kwa asilimia 4 tu kila siku, juu ya wale wanaokufa wenyewe, na wageni wasiingie kutoka nje, kizazi kinakwisha. Katika kila majike 100, wanne kwa siku! Isitoshe, kwa mbung'o dume na jike wote hunywa damu na hawana chakula kingine, kwa hiyo wote wanamtafuta mnyama, na wote wanaweza kudanganywa na kitu kinachofanana na mnyama. Msishike lingine lolote kabla ya hili: kwa mbung'o unamwinda mzazi, kwa nzi wa nyumbani unaharibu mahali anapozalia.

Kabla ya kushona chochote, hakikisheni adui ni nani. Ng'ombe wenu wanaumwa pia na pange na nzi wadogo wanaong'ata miguu, na wafugaji wengi huwaita wote mbung'o. Mkamateni mmoja akiwa ametulia ubavuni mwa ng'ombe mumtazame kwa karibu. Mbung'o akitua hulaza bawa moja juu ya lingine kama mkasi uliofungwa, na mdomo wake umenyooka mbele ya kichwa hata asiponyonya. Pange mabawa yake yametanuka kidogo pembeni na macho makubwa yanang'aa. Wawekeni kwenye kichupa chenye spiriti muwapeleke Tanga mjini, kwenye kituo cha wakala wa maabara ya mifugo, TVLA, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa taasisi ya utafiti wa mbung'o na malale. Aina ya mbung'o ni jambo la kujua mapema, kwa sababu ukanda wenu una zaidi ya aina moja. Glossina pallidipes anaingia mtegoni vizuri, na Glossina morsitans naye huingia, ingawa kwa uchache zaidi. Glossina austeni, yule mdogo wa vichaka vizito vya pwani, ni mgumu, hupenda kutua kwenye bango, yaani kitambaa bapa kilichotundikwa, ambacho kikitiwa dawa humuua anapotua, kuliko kuingia ndani ya mtego.

Sasa mtego wenyewe. Ninaoupendekeza kwenu ni ule uitwao NGU, jina lililotokana na Nguruman, kule Kajiado nchini Kenya, ambako katika miaka ya 1980 watafiti wa ICIPE, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu chenye makao Nairobi, waliutengeneza na kuujaribu pamoja na wafugaji wa Kimasai. Mbung'o walipungua kwa zaidi ya asilimia 90. Niliusoma mradi ule kwa makini kwa sababu waliokuwa wakishona na kutunza mitego ni wenye ng'ombe wenyewe, kwa cherehani za kawaida. Pande za nje ni kitambaa cha bluu. Ndani, kikitazamana na mlango, kuna kipande cheusi. Juu ni koni ya chandarua cheupe, na kileleni mwa koni kuna mfuko au chupa angavu.

Ukikaa pembeni asubuhi moja utaelewa kila kipande kinafanya nini. Mbung'o anakuja akiruka chini chini, akifuata harufu dhidi ya upepo. Bluu anaiona kutoka mbali na ndiyo inayomvuta. Akifika karibu hatui kwenye bluu, anazunguka, anaingia mlangoni na kwenda kutua kwenye cheusi, kwa kuwa cheusi kwake ni kivuli cha mnyama. Anagundua hakuna damu. Akitaka kuondoka, kawaida yake ni kupaa kuelekea kwenye mwanga, na mwanga uko juu, kwenye chandarua. Anapanda ndani ya koni, anapita tundu dogo la kileleni, anaingia kwenye chupa. Chupa ya maji ya lita moja na nusu inatosha, na jua la saa sita mchana linammaliza humo. Mkiona mbung'o wanatembea nje ya mtego bila kuingia, tazameni weusi wa kile kipande cha ndani. Kikipauka, mtego umekufa.

Rangi ndiyo inayoharibu kazi za vikundi vingi. Bluu inayotakiwa ni ile iliyokolea na kung'aa. Ile bluu ya sketi za shule inakaribia kuwa nyeusi, haiwezi kazi hiyo, na bluu ya maji iliyofifia nayo haifai. Nunueni kitambaa kisichochuja: loweka kipande, kianike juani wiki mbili, kilinganishe na kilichobaki dukani. Afadhali kulipa zaidi kwa mita kuliko kushona upya kila msimu.

Harufu inaongeza mavuno sana kwa pallidipes na morsitans. Watafiti wa ICIPE waligundua kwamba mkojo wa nyati unawavuta mbung'o, na baadaye ikaonekana mkojo wa ng'ombe nao unafaa, hasa ukikaa wiki mbili tatu ukachacha. Jazeni kwenye chupa iliyotobolewa ubavuni, izikeni nusu ardhini upande wa nyuma wa mtego. Mkiweza kupata asetoni, wekeni kwenye chupa nyingine yenye tundu dogo kwenye kizibo, kwa sababu pumzi ya ng'ombe ina asetoni na mbung'o anaifuata. Mkojo mnao bure, asetoni inauzwa. Anzeni na mkojo. Kwa austeni harufu hizi hazisaidii sana.

Mahali pa kuweka ni muhimu kuliko idadi. Ukingo wa kichaka unaotazama malisho, njia ya ng'ombe kwenda majini, na pale wanapopumzika mchana. Usiuzamishe mtego ndani ya kichaka ambako hauonekani, wala usiuweke katikati ya uwanja mtupu ambako mbung'o hapiti. Fyekeni nyasi mita mbili tatu kuuzunguka. Ukingo wa chini usipite nusu mita kutoka ardhini, kwa sababu mbung'o anaruka chini. Pakeni grisi kwenye miguu ya nguzo. Nasisitiza grisi kwa sababu siafu na sisimizi hupanda usiku wakala mbung'o wote, asubuhi mwenye zamu anakuta chupa tupu, anatangaza kijijini kuwa mtego haufanyi kazi, na watu wanakata tamaa. Kitambaa kizuri pia kina wezi wake. Fanyeni kikao cha kijiji kabla ya kutundika, si baada ya kuibiwa.

Kuhusu wingi, majaribio yaliyofanyika Zimbabwe katika miaka ya 1980 yalionyesha kwamba mabango manne yenye harufu na dawa kwa kila kilometa ya mraba yanatosha kuwaangusha pallidipes na morsitans. Malisho yenu yakiwa kilometa za mraba 10, ni mabango 40. Mtego usio na dawa unaua wachache kuliko bango, kwa sababu wengi wanaofika hawaingii, basi kadirieni mingi zaidi na muirundike upande unaopakana na hifadhi. Kwa mbung'o wa kando ya mito na maziwa mambo ni tofauti. Magharibi mwa Nile, kaskazini magharibi mwa Uganda, walitumia vibango vidogo vya nusu mita kwa robo mita, nusu kitambaa cha bluu na nusu chandarua, vyenye dawa, kando ya vijito, takriban 20 kwa kilometa moja ya mto, na mbung'o walipungua zaidi ya asilimia 90. Huko shida ilikuwa malale ya binadamu, na mwaka 2022 Uganda ilithibitishwa kuwa imeiondoa malale ya aina ya gambiense kama tatizo la afya ya umma. Vitambaa havikufanya peke yake, upimaji na tiba vilikuwepo, lakini vilikuwa na sehemu yao.

Kwa hiyo bango na mtego vyote ni halali, na ushauri wangu ni huu: mitego karibu na boma na majini, ambako mtaihudumia wenyewe, na mkipata ufadhili wa vitambaa vilivyotiwa dawa, viwekwe kwenye mpaka wa hifadhi. Ndani ya hifadhi msitundike chochote bila ruhusa ya shirika la hifadhi za taifa, TANAPA. Na tarajieni kwamba mbung'o watarudi. Hifadhi imejaa nyati na ngiri, na mbung'o anasafiri mamia ya mita kwa siku. Mkiondoa mitego kwa kuona wameisha, miezi michache baadaye mtakuwa pale mlipoanza. Nguruman nao walisumbuliwa na wageni kutoka nje ya eneo lao.

Dawa yenu chache ya kuogesha msiitupe. Mbung'o hung'ata zaidi miguu na tumbo la ng'ombe, na huwaendea zaidi ng'ombe wakubwa kuliko ndama. Basi badala ya kumwogesha kila mnyama mwili mzima, pulizieni miguu na tumbo la wakubwa, na kiasi hichohicho cha dawa kitafika mbali zaidi. Ng'ombe aliyepuliziwa ni mtego unaotembea.

Sasa nije kwa wazee, maana wamesema kitu kilichofanyika kweli. Tanganyika ilikuwa mahali pakubwa pa kupambana na mbung'o kwa shoka. Charles Swynnerton aliongoza idara ya utafiti wa mbung'o iliyokuwa na makao Shinyanga, na katika miaka ya 1920 na 1930 maelfu ya Wasukuma walitolewa kufyeka miombo na vichaka vya miiba. Kwa mbung'o ilifanya kazi. Jike anahitaji kivuli na udongo wenye ubaridi ili kuacha funza, na palipokuwa peupe alikufa kwa joto. Ng'ombe waliingia kwa wingi. Kisha miti haikurudi. Mifugo ilizidi, udongo ukachukuliwa na mvua, kuni zikawa za kutembea siku nzima, na mwaka 1986 serikali ililazimika kuanzisha HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, kurudisha ngitili, yale malisho ya akiba ambayo wazee wa Kisukuma walikuwa wakiyatunza tangu zamani. Waliokuja baada ya wafyekaji ndio waliolipa.

Nasema hivi si kwa kuwalaumu wazee wenu. Kufyeka kidogo kuna maana. Ondoeni vichaka kuzunguka boma, kuzunguka kisima na kando ya njia ya watoto kwenda shule, mita kadhaa kila upande. Huko mbung'o hatapata pa kukaa akisubiri. Lakini vichaka vya pwani mnavyotaka kuvifuta ndivyo vinavyoshika udongo wenu, na hata mkivifuta, ukingo wa hifadhi utabaki palepale.

Kuna njia nyingine za kimwili ambazo mtazisikia. Kisiwani Príncipe, ng'ambo ya magharibi ya Afrika, Wareno waliwafunga vibarua wa mashambani vitambaa vyeusi vilivyopakwa ulimbo mgongoni, mbung'o wakanata humo. Pamoja na kufyeka na kuua nguruwe mwitu, kufikia mwaka 1914 kisiwa kilikuwa kimesafishwa. Karibu zaidi na nyumbani ni Unguja. Walipunguza mbung'o kwa dawa za ng'ombe na mabango, kisha kuanzia mwaka 1994 wakarusha kwa ndege madume zaidi ya milioni 8 yaliyofugwa Tanga na kuhasiwa kwa mionzi. Jike wa mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja maishani, akipandwa na dume aliyehasiwa hazai tena. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa mwaka 1996. Walioruka Unguja walikuwa austeni, na waliwahesabu kwa vibango vyenye gundi, kwa sababu hawaingii mitegoni. Msitamani njia hiyo kwa sasa. Unguja ni kisiwa, bahari ndiyo iliyowazuia wageni.

Mkiwa na ng'ombe wachache wa maziwa wanaolishwa bandani, kuna njia rahisi: zungusheni banda kwa chandarua chenye dawa, urefu wa mita moja hadi moja na nusu kutoka ardhini. Kwa kuwa mbung'o huruka chini, wengi hugonga chandarua kabla ya kufika kwa mnyama. Magharibi mwa Kenya wafugaji wadogo wameitumia, na uzuri wake ni kwamba hata nzi wengine wanapungua.

Nzi wa nyumbani sasa. Chupa zenye mabaki ya samaki ndani zitawanasa mamia, na kwenye kibanda cha mama lishe zinasaidia kwa siku hiyo, ila msizitegemee. Tafuteni wanakozalia. Samadi iliyorundikwa mbichi nyuma ya zizi ndiyo hospitali yao ya uzazi. Iondoeni angalau mara mbili kwa wiki, muda ambao yai halijafika kuwa nzi. Itandazeni nyembamba juani ikauke, au irundikeni kwa kushindilia na kuifunika turubai jeusi iliyobana pembeni. Lundo lililoshindiliwa hupata joto ndani ambalo funza hawavumilii. Pembeni ambako lundo ni baridi ndiko wanakokimbilia, kwa hiyo ligeuzeni mara kwa mara, nje iingie ndani.

Chooni, jengeni choo chenye bomba la hewa. Mbunifu wake ni Peter Morgan, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Blair huko Zimbabwe katika miaka ya 1970. Alilinganisha vyoo viwili kwa siku 78: kisicho na bomba kilitoa nzi zaidi ya 13,000, chenye bomba kikatoa 146. Ujanja wake ni mwanga uleule unaomuua mbung'o. Kibanda kinajengwa chenye giza. Nzi walioangulika shimoni wanaona mwanga mmoja tu, juu ya bomba, wanapanda, wanakutana na wavu, wanafia hapo. Upepo unaopita juu ya bomba nao unavuta harufu mbaya nje, na nzi wa nje wanaifuata mpaka kileleni wanagonga wavu. Bomba liwe na upana wa sentimita 15, lipite paa kwa nusu mita, na wavu usiooza uangaliwe kila baada ya miezi michache. Nimekuta vyoo vingi vyenye bomba zuri na wavu uliochanika, ambapo bomba limekuwa mlango wa nzi. Nimekuta pia watu wakifunika tundu la choo cha namna hii. Msifunike, hewa inahitaji kupita. Kifuniko kinachobana ni cha choo cha kawaida kisicho na bomba.

Macho ya watoto yasisubiri choo kikamilike. Wapelekeni kituo cha afya, kwa sababu macho mekundu yana sababu nyingi, na kama ni vikope yana dawa. Nzi anayehusishwa zaidi na vikope ni mdogo kuliko wa nyumbani, huzalia kwenye kinyesi cha binadamu kilichoachwa wazi juu ya ardhi, si ndani ya shimo la choo. Kwa hiyo hata choo duni cha shimo, kikitumiwa na kila mtu pamoja na watoto wadogo, kinamnyima pa kuzalia. Nchini Gambia vyoo peke yake vilipunguza nzi wanaotua machoni mwa watoto kwa asilimia 30 hivi. Ongezeni kunawa uso asubuhi na jioni, maana nzi anafuata tongo. Chakula kifunikwe kwa kawa, hilo hamhitaji mtaalamu.

Mkianza, msinunue vitambaa vya mitego 40 siku ya kwanza. Shoneni miwili, iwekeni mmoja majini na mmoja mpakani, na kabla ya kuongeza mwingine hesabuni mbung'o kila asubuhi kwa wiki mbili, madume na majike kila mmoja upande wake, mkiandika daftarini. Dume ana kinundu chini ya ncha ya tumbo, jike hana. Mbung'o wakiwa wengi mpakani kuliko majini mtajua mitego mingine iende wapi. Daftari hilo nendeni nalo TVLA na kwa afisa mifugo wa wilaya mnapoomba vitambaa vyenye dawa. Ng'ombe wanaoumwa watibiwe sasa kwa sindano aliyoagiza daktari na kwa kipimo cha uzito wao, kwa sababu mtego haumtibu mnyama ambaye tayari ana vimelea kwenye damu. Na anzeni kabla ya masika, maana majani yakishapanda mtaitundika mitego mahali ambapo hakuna mbung'o atakayeiona.